Nakala Niliyosahau Kuituma

Ninyi watatu mlionizonga baada ya ibada ya kanisani Ijumaa iliyopita, mkitaka niwape siri za kazi, haya, nimekaa kitako. Mmeajiriwa kwenye ofisi za safari, mmepewa kompyuta na kiti kinachozunguka, na mnadhani kupanga safari ni kubonyeza. Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka kumi na saba hapa hapa Dubai, Oud Metha, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani, mpaka nilipostaafu mwaka jana. Siri sina. Nina makosa, na moja nusura liue watu wawili. Hilo nitawaambia lote, maana mazuri mtajifunza wenyewe.

Ofisi yetu ilikuwa ndogo, watu wanne na madam mwenye ofisi. Meza yangu ilikuwa ya wapiga picha. Hawa ni watu wenye kazi zao, madaktari, wahandisi, marubani, ambao wakipata likizo hubeba kamera nzito kama tofali na kutaka kwenda mahali pasipo na mtu. Wengi walitaka katikati ya Australia: ardhi nyekundu, maziwa ya chumvi, barabara ya vumbi iliyonyooka mpaka macho yachoke. Mimi mwanamke wa Kondoa niliijulia wapi Australia? Sikuijua. Nilikuja kupokea simu tu. Aliyenifundisha ni Mzee Nassor, Mzanzibari aliyeishi Dubai tangu maghorofa yake yalipokuwa ya kuhesabika, na ambaye hakuwahi kuiacha lafudhi ya kwao hata siku moja.

Safari ya kwanza niliyoachiwa niipange peke yangu ilikuwa ya maharusi wawili, wote wapiga picha. Nikawawekea Desemba, nikifikiri Desemba hali ya hewa ni nzuri kama hapa kwetu. Mzee Nassor akaisoma karatasi yangu, akavua miwani.

"Mwanangu, hawa watu wamekukosea nini?"

"Kwani vipi, Mzee?"

"Desemba kule ndiyo jua la kuua. Utawarejesha wamekauka kama ng'onda wa sokoni!"

Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka, huku mgongo unanitoka jasho. Tangu siku ile nikajua kwamba kalenda yangu si kalenda ya kila mtu.

Mengine nilijifunza kidogo kidogo. Mpiga picha hupenda saa mbaya. Anataka mwanga wa alfajiri na wa magharibi, na hizo ndizo saa ambazo kangaruu huvuka barabara. Ukimpa mteja njia ya saa mbili kutoka anapolala mpaka kwenye picha, umemwambia aendeshe gizani. Mtafutie kambi ambayo ataifikia picha yake kwa miguu. Kamera inavumilia vumbi kuliko mwenye kamera anavyovumilia nzi, kwa hiyo usisahau kofia ya wavu. Kuna vilima ambavyo wenyeji wa ardhi hawataki vipigwe picha. Uliza kabla, na ukiambiwa hapana, ni hapana. Maji ni lita kumi kwa kila mtu kwa kila siku, na juu yake siku mbili za ziada. Tairi za akiba mbili, si moja.

Wateja wa hapa wana ugonjwa wao: wanadhani jangwa wanalijua. Wamepanda matuta ya mchanga Ijumaa na marafiki, wamechoma nyama, wamerudi nyumbani kuoga. "Mama Tumaini, sisi ni watu wa jangwa," wananiambia. Nami nawajibu kwamba jangwa letu, ukikwama, unapiga simu na rafiki yako anakuja akicheka. Kule, mtu wa karibu yuko umbali wa kutwa nzima, na hajui kama umezaliwa.

Ndiyo maana Mzee Nassor alinifundisha nakala tatu. Mpango wa safari una nakala ya mteja, nakala ya mezani kwako, na nakala ya mtu aliye kule kule, ambaye usipofika atajua hujafika. Alipostaafu na kuniachia meza, hilo ndilo alilonisisitizia. "Nakala ya tatu ndiyo safari yenyewe," alisema. "Hizo mbili ni karatasi."

Sasa nawapeleka kwa Daktari Farid.

Daktari Farid alikuwa daktari wa meno, kliniki yake ng'ambo ya barabara mkabala na ofisi yetu. Mama yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mwaka ule mvua ilikuwa imenyesha sana katikati ya Australia, na ziwa moja la chumvi, ambalo watu wazima wengi wa kule hawakuwahi kuliona lina maji, likajaa kipande. Picha zikaanza kuzunguka: mbingu juu, mbingu chini. Daktari akaja ofisini amevaa bado koti lake jeupe.

"Mama Tumaini, nipeleke kabla halijakauka. Mimi na Laila tu."

Laila alikuwa binti yake wa pekee, mwenye miaka kumi na tisa. Baba yake alimfundisha kamera tangu utotoni, na safari hii ilikuwa yao wawili kabla binti hajaenda kusoma mbali. Nikawapangia siku nane, mwezi wa Mei, joto likiwa limepungua. Wangelala kwenye kituo kimoja cha barabarani, mahali penye mafuta, vyumba vichache na chakula, kinachoendeshwa na mama mmoja aitwaye Dorothy. Kutoka kwa Dorothy wangechukua njia ya kaskazini mpaka ziwani, walale huko siku mbili, warudi. Kila siku saa sita mchana kwa saa za kule Daktari angenitumia ujumbe kwa simu ya setilaiti. Usipokuja, tungengoja saa moja, kisha ningempigia Dorothy, naye angewaita polisi. Nakala ya tatu nilimtumia Dorothy, akanijibu kwamba ameibandika karibu na jiko.

Jumanne ya kuondoka kwao Daktari akarudi, mbio mbio.

"Nimeangalia picha za ziwa. Kwa njia ya kaskazini jua litanipiga usoni. Nikitokea magharibi, jioni litakuwa mgongoni. Kuna njia?"

Njia ilikuwepo. Ilikuwa njia ya ng'ombe, inakata shamba la mfugaji mmoja, shamba kubwa kama wilaya. Nikampigia mwenye shamba, akaniruhusu. "Piteni, fungeni mageti," alisema. Hakuuliza siku, nami sikumwambia. Nikabadilisha ramani ya Daktari, nikamchapia mpya, nikabadilisha na ile ya mezani kwangu.

"Jambo la mwisho," akasema, akikunja karatasi. "Sanduku la lenzi halitaenea kwenye gari tulilokodi kule. Nikiacha dumu moja la maji?"

"Hapana, Daktari. Acha lenzi."

Akacheka, akanipa mkono, akaenda zake. Nikafungua barua pepe ili nimtumie Dorothy mpango mpya. Pale pale madam akaniita kutoka ofisini kwake: "Mama Tumaini, yalla, njoo uone hizi viza!" Kundi zima la watu lilikuwa limeandikiwa majina vibaya. Nikasema moyoni, nikirudi. Niliporudi ilikuwa saa ya kufunga ofisi, na kichwani mwangu ile barua ilikuwa imekwisha kwenda.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa shwari. Siku ya nne ujumbe ukaja: "Tumeingia njia ya ng'ombe. Laila anaendesha. Tuko salama." Nikampelekea Dorothy maneno mawili tu: wako salama.

Siku ya tano, saa sita mchana kule ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi hapa. Nilikuwa nyumbani Al Nahda, nimejifunga khanga, nakunywa chai, simu iko mbele yangu juu ya meza. Haikulia. Nikajiambia amezama kwenye picha, amejisahau. Saa moja na nusu nikampigia Dorothy. Alikuwa na sauti tulivu ya mtu aliyezoea. "Usijali," akasema. "Mpango ninao hapa. Nawaita polisi sasa hivi, na jirani yetu wa kaskazini ana ndege ndogo."

Neno "kaskazini" lilipita sikioni mwangu kama upepo. Sikulishika. Nilichukua metro, nikasimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Ofisini alikuwepo Wycliffe wa Kakamega, mwenzangu wa meza ya viza. Nilimweleza, akaniletea kiti. Saa tatu polisi wa kule akapiga, mtu anayesema polepole, anataka kujua rangi ya gari. Alisema ndege iko angani tangu zaidi ya nusu saa, inafuata njia, haijaona kitu.

"Inafuata njia gani?" nikauliza, na nilipouliza tu nikajua.

"Ya kaskazini. Kama mpango wako unavyosema."

Nilimwomba anisubiri kidogo. Nikafungua barua zilizotumwa. Ya Dorothy ilikuwa moja tu, ile ya zamani. Ile mpya ilikuwa kwenye zisizotumwa, ina jina la Dorothy juu, na chini hamna hata salamu.

Wycliffe alikuwa ameona kioo cha kompyuta yangu. Akaufunika mkono wa simu kwa kiganja chake.

"Mama, tulia kwanza," akanong'ona. "Usijimalize. Sema tu daktari alichenji ruti mwenyewe. Nani atajua? Ukisema ni wewe, madam atakata viza yako, urudi Kondoa na nini?"

Sitawadanganya, nililipima. Nilikuwa na mtoto chuoni, na kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu, alikuwa ni madam huyo huyo. Na uongo ule ulikuwa mwepesi, ungeigeuza ndege vile vile. Lakini ungeipeleka upande wa magharibi tu, na magharibi ya kule ni kubwa kuliko mkoa. Polisi angeniuliza njia ipi, geti lipi, walipanga kulala wapi, na mtu asiyejua kwamba njia imebadilishwa hawezi kuwa na majibu. Majibu yote ninayo mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeibadilisha.

Wakati ule ule mlango ukafunguka, akaingia Bi Salma, mke wa Daktari. Dorothy alikuwa ameipata namba yake kwenye mpango, akampigia. Alikuwa amevaa buibui na kandambili za nyumbani, kiatu cha kutokea hakukikumbuka. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama.

Nikaondoa mkono wa Wycliffe kwenye simu. Nikasema, mbele ya Bi Salma, kwa Kiingereza ambacho anakielewa vizuri sana: "Afande, hawako kaskazini. Wako magharibi. Mimi nilibadilisha njia Jumanne, nikasahau kumtumia Dorothy. Kosa ni langu. Andika ninayokuambia."

Nikamwambia geti la pili lenye tangi lililotoboka, kushoto kwenye mti mmoja mkavu, kisha uzio mrefu, kisha kambi karibu na maji. Nikamwambia Laila ana pumu, na kwamba maji ni madumu manne. Nikakumbuka lile sanduku la lenzi. "Andika matatu," nikasema. "Nadhani aliacha moja."

Polisi hakunigombeza. Alisema tu, "Jua hapa linazama saa kumi na mbili. Ndege itabidi itue kwanza ijazwe mafuta." Nikaangalia saa ya ukutani. Kuzama kwa jua lao ni saa sita na nusu mchana wetu. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

Bi Salma alinyanyuka, akakibeba kiti chake, akakiweka upande wa pili wa chumba, mbali na meza yangu, akakaa tena. Madam alitoka ofisini kwake, ameshasikia. "Nani alituma mpango?" akauliza. "Mimi, madam." "Khalas," akasema, "tutazungumza baadaye," akaenda kumshika Bi Salma bega.

Saa mbili zilizofuata sijui nizielezeeje. Simu za wateja zililia, Wycliffe akazijibu kwa sauti ya chini. Chini dukani watu walijaribu miwani. Mimi nilichora njia ile kwenye karatasi mara tano, kama kwamba nikiichora vizuri wataonekana juu yake. Ng'ambo ya barabara kliniki ya Daktari ilikuwa wazi, na niliona mgonjwa ametoka ameshika shavu.

Saa tano na dakika ishirini polisi akapiga. Nikaweka sauti ya kila mtu kusikia.

"Tumeliona gari. Limezama kwenye chumvi mpaka milangoni. Binti yuko juu ya paa, anapunga shuka."

Bi Salma akasimama. "Na baba yake?"

"Baba yake hayupo pale, bibi."

Rubani alitua kwenye ardhi ngumu, akazungumza na Laila, na hadithi ikatufikia vipande vipande. Jioni ya jana yake Daktari aliitaka picha ya karibu zaidi. Ukingo wa ziwa ulionekana mkavu, mweupe kama sakafu, akasogeza gari. Chini ya chumvi ni tope. Walipokuwa wakichimba kwa mikono, simu ya setilaiti ilimponyoka ikaingia kwenye maji ya chumvi, ikafa. Ndipo Laila akahesabu madumu na kukuta hayatoshi. Asubuhi baba yake akamwachia maji yote, akachukua chupa moja, akasema nyumba ya mfugaji haiko mbali, atafuata uzio. Ilikuwa mbali mno. Binti alilia amzuie, akashindwa. Yeye akabaki na gari, kwa sababu karatasi yangu ilisema kwa herufi kubwa: USIACHE GARI, RUBANI HAMWONI MTU, ANAONA GARI. Baba yake karatasi ile aliisoma pia. Lakini hofu ya mzazi haisomi.

Ndege haikuwa na mwanga wa kutosha kumtafuta mtu mmoja chini. Polisi akampigia mwenye shamba, yule aliyesema tufunge mageti. Hakuwepo, lakini mkewe alichukua gari na kuufuata uzio kutokea upande wa nyumba. Saa sita ikapita. Saa sita na nusu ikapita, na nikajua kule jua limezama. Bi Salma alikuwa anasoma dua midomo ikicheza bila sauti. Mimi nami nilikuwa naomba kwa namna ya kwetu, na sijui kama nimewahi kuomba vile tena.

Saa saba kasoro dakika kumi simu ikalia. Nilishindwa kuinyanyua. Wycliffe akainyanyua.

"Yuko hai," akasema. "Amelala kando ya uzio. Anazungumza maneno yasiyoeleweka, lakini yuko hai."

Bi Salma akakaa chini sakafuni, pale pale, na madam akakaa naye.

Daktari Farid alilazwa kule wiki mbili, figo zikitibiwa. Mimi madam aliniondoa kwenye meza ya wapiga picha, nikawa nabook hoteli za watu wa mikutano kwa miezi minane. Hakunifukuza. Alisema mtu aliyekosa hivyo mbele ya macho yake hatakosa hivyo tena, na kwamba mpya angeanza kujifunza upya. Niliporudi kwenye meza yangu niliandika kwenye ukuta mbele yangu: nakala ya tatu kwanza. Siku hizi mna vyombo vinavyoonyesha gari liko wapi kila dakika kumi, vinadonoa vinadonoa kwenye kioo. Vizuri, vitumieni. Lakini chombo kikinyamaza, nani kule anajua njia? Hilo ndilo swali, na jibu lake liwe na jina la mtu.

Daktari aliporudi alikuja ofisini amepungua nusu. Nilisimama nikamwambia yote, ingawa alikuwa anajua. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Dumu nililiacha hotelini," akasema. "Na ulikuwa umenikataza. Mama Tumaini, tusigombanie kosa, linatutosha sote."

Lakini Bi Salma hakuja. Nilimwendea mimi, nyumbani kwake, baada ya wiki moja. Alinikaribisha, maana hajafunzwa kumfungia mtu mlango. Alinipa chai. Nikaomba radhi. Alizungusha kikombe chake muda mrefu.

"Siku ile ulipokea simu mbele yangu," akasema. "Ungeweza kutoka nje kwenye korido. Kwa nini hukutoka?"

"Sikuona pa kwenda, Bi Salma."

"Basi nakuambia na mimi kweli. Sijakusamehe. Nikikumbuka saa ile ndege inazunguka kaskazini, kifua kinabana. Usinisukume."

Sikumsukuma. Nilimaliza chai, nikaaga, nikarudi Al Nahda. Sikumpigia, sikumtumia salamu. Miezi ikapita, Ramadhani ikaingia na kutoka.

Siku ya Idi, adhuhuri, mlango wangu ukagongwa. Alikuwa ni Laila, amevaa nguo mpya, mikono imepakwa hina, ameshika sahani kubwa iliyofunikwa: biriani, na juu yake visheti kwenye karatasi. Nilikuwa sijamwona tangu arudi. Nikaipokea sahani, nikamwambia asubiri niimimine, nimrudishie.

"Hapana, bibi," akasema. "Mama amesema sahani uirudishe mwenyewe."